Kumpeleka mzazi mwenye demenshia kwenye nyumba ya watawa: kumtunza au kumtelekeza?

Mleta mada
Wadau, niweke msimamo wangu mezani kabisa: mama yangu, mwenye demenshia, yaani ugonjwa wa kusahau, nilimpeleka kwenye nyumba ya wazee inayoendeshwa na watawa, na ningempeleka tena. Mpaka leo wapo ndugu wasionisalimia.

Silaha yao ni Maandiko. "Usinitupe wakati wa uzee," Zaburi ya 71. Shemeji yangu Mwislamu naye akanikumbusha sura ya Al-Israi, kwamba mzazi akizeekea mikononi mwako usimwambie hata "ah". Nami nikamjibu: shemeji, hiyo "ah" nilishaipita zamani. Jua likianza kuzama mama alikuwa anabeba mkoba wake na kusimama mlangoni, "nirudisheni kwetu," na hapo yuko kwake, nyumba aliyoijenga mwenyewe. Saa nane usiku anafungua gesi. Nilimkemea. Siku moja nikamshika mkono kwa nguvu, asubuhi nikakuta alama za vidole vyangu. Basi nikajua nani hasa anamtupa nani.

Kule, mtawa hakubishana naye. Alimwambia, "Haya mama, nikusindikize." Wakazunguka bustani mara mbili, wakarudi mlango ule ule, mama akapiga hodi mwenyewe na kutangaza kwamba amefika. Jina langu halijui tena, lakini ukimwanzishia Salamu Maria anaimaliza bila kukosea neno. Yaliyokaririwa utotoni, nyimbo hasa, mara nyingi huchelewa kufutika.

Swali langu: nyumba za namna hii zipewe fedha za umma au la? Karibuni.

Mchangiaji wa 1
Visingizio. Mzazi wako hakukupeleka kwa wageni ulipokuwa unajikojolea.

Mchangiaji wa 2
Wa 1, umelala chumba kimoja na mgonjwa wa kusahau siku ngapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi na demenshia, na kwamba asilimia 70 ya saa za kuwatunza bila malipo hutolewa na wanawake. "Familia itamtunza" kwa kawaida maana yake ni binti mmoja aliyeacha kazi, wengine wanapiga simu Jumapili kuuliza mzee anaendeleaje.

Mchangiaji wa 3
Mleta mada, pole na hongera. Ila mama yako alikuwa Mkatoliki, kwa hiyo kwako jambo ni jepesi. Baba yangu aliacha kanisa miaka 30 kabla ya kuugua, kwa hasira na kwa sababu zake. Nafasi tuliyopata ilikuwa kwenye nyumba ya kanisa. Kila asubuhi anasukumwa kwa kiti cha magurudumu mpaka mbele ya altare. Dada zangu wanasema "anatulia". Kutulia si kukubali! Mtu asiyeweza tena kusema sitaki, tumemhesabuje kuwa ametaka? Fedha za wote zikiingia pale, ibada iwe ya hiari, na msimamo wa mzee kabla ya ugonjwa uandikwe kwenye faili lake siku ya kwanza.

Mchangiaji wa 4
Mimi ni muuguzi, na mnajadili dini kana kwamba dini ndiyo inayobadilisha nepi saa tisa usiku. Ulizeni mambo mawili. Zamu ya usiku wako wangapi, kwa wazee wangapi? Na mzee akihangaika anapewa nini? Zipo nyumba zinazomlaza kwa dawa za magonjwa ya akili ili zamu ipite. Dawa hizo huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demenshia. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2005. Nimefanya kazi penye msalaba kila chumba, na wazee walifungwa kwenye viti kwa mikanda. Kijiji cha Hogeweyk kule Uholanzi, kilichofunguliwa 2009, hakiendeshwi na watawa, na wakazi wake wenye demenshia wanatembea na kwenda dukani bila kufungiwa chumbani.

Lakini nisiwe mchoyo wa haki. Jeanne Jugan, Mfaransa aliyeanzisha shirika la watawa la Masista Wadogo wa Maskini, mwaka 1839 alimchukua bibi kipofu akampa kitanda chake mwenyewe. Huo ndio moyo ninaouelewa. Nauliza tu kama bado upo saa tisa usiku.

Mleta mada
Wa 3, umenikaba, na sina jibu zima. Nina tukio moja tu. Miezi michache baada ya kuhamia, mama alianza kulia akiingia chumbani. Anaelekeza kidole ukutani: "Mtoeni huyo, anavuja damu!" Alikuwa anauogopa msalaba, yeye aliyebusu msalaba maisha yake yote. Mimi ndiye niliyetaka ubaki, nikasema mama halisi asingekubali uondolewe. Yule mtawa akapanda kwenye kiti, akaushusha, akaufunga kwa taulo na kuuweka kabatini. Akaniambia, "Mama halisi ni huyu anayelia." Kwa hiyo faili liandikwe, nakubali, ila na uso wa mzee usomwe kila siku. Baba yako naye, kama anakunja uso mbele ya altare, wasimpeleke. Mwambie msimamizi hivyo hivyo.

Muuguzi, nimepiga simu leo. Usiku wako 2, kwa wazee 18.

Mchangiaji wa 4
Na mmoja akimpeleka mzee hospitali usiku huo?

Mleta mada
Sikuuliza. Napiga tena kesho.