Mnamshangilia Roxie wa Chicago, aliyeuawa mnamjua jina?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuambiwa nitulie.

Jana usiku tumeangalia filamu ya Chicago, ile ya 2002 iliyobeba Oscar sita. Wadogo zangu wa kike wamejaa mkekani. Roxie, aliyemuua mpenzi wake, kaachiwa huru na mahakama, vigelegele nyumba nzima. Filamu ilipoisha nikawauliza, yule aliyepigwa risasi anaitwa nani? Kimya. Hata mmoja hakumbuki.

Sasa hadithi hii imetokana na kesi za kweli, na yule aliyeuawa kweli aliitwa Harry Kalstedt. Aprili 1924, mjini Chicago, Beulah Annan, ndiye Roxie wa kweli, alimpiga risasi chumbani, kisha akawa anasikiliza santuri. Mwezi mmoja kabla, Walter Law, mume wa mtu, alikutwa amekufa ndani ya gari la Belva Gaertner. Wanawake wote wawili wakashitakiwa, wote wawili wakaachiwa mwaka uleule. Na wazee wa baraza Illinois enzi hizo walikuwa wanaume watupu, wanaamua kesi ya mrembo aliyepambwa.

Mwandishi wa habari Maurine Watkins aliziripoti kesi hizo kwenye gazeti la Chicago Tribune. Mchezo wake wa kuigiza wa 1926, Chicago, aliuandika kuuchoma ule mji na magazeti yake. Tazameni walichoufanyia. 1927, filamu bubu. 1942 wakamfanya Roxie hana hatia kabisa, maana kanuni za Hollywood wakati ule hazikuruhusu muuaji apone. 1975, nyimbo na densi jukwaani. 1996 ikarudishwa Broadway, kwenye majumba ya maonyesho ya New York. Kila wakirudia, damu inapungua na lulu zinaongezeka.

Najua kwa nini inatunasa, mimi pia imeninasa. Tumekuzwa tukiambiwa mwanamke ni mama, ni mlezi, hawezi kuua. Tukimuona kashika bastola tunapigwa butwaa, macho yote kwake, maiti hatuitazami. Na hadithi ukishajua inavyoisha hofu inakutoka, unabaki unasubiri wimbo. Wenye studio wanalijua hilo vizuri sana.

Lakini kinachoniuma hasa ni Sabella Nitti. Mhamiaji wa Kiitaliano, mke wa mkulima, mikono imekomaa kwa jembe, Kiingereza hajui. 1923, kabla ya hao warembo wawili, alihukumiwa kunyongwa kwa kumuua mumewe, kwa ushahidi usio na kichwa wala miguu. Kesi inaendeshwa, yeye haelewi kinachosemwa! Magazeti yakaandika ubaya wa sura yake. Ikabidi wakili kijana, Helen Cirese, amtengeneze nywele, amvalishe vizuri, amfundishe Kiingereza kidogo, ndipo watu waanze kumuona binadamu. Mahakama ya juu ya jimbo ilitengua hukumu 1924, mashitaka yakafutwa.

Ndani ya filamu mumuone mfungwa asiyejua Kiingereza. Wamemfanya Mhungaria, anajua kukana kosa tu, hakuna anayemsikiliza. Yeye ndiye anayenyongwa, tena kifo chake kinaonyeshwa kama mazingaombwe ya jukwaani, watu wanapiga makofi. Dakika chache, basi, turudi kwa Roxie na vazi lake la kung'aa.

Halafu mtu anakuja kuniambia filamu hii ni ukombozi wa mwanamke. Njoo hapa uniambie, mwanamke yupi?