Mjadala: Uholanzi ilisusia Olimpiki 1956, aliyelipa ni nani?

Wadau, hoja inayorudi kila mara ni kwamba nchi ikichukizwa na ubabe wa taifa fulani, isusie michezo, maana heshima ni kubwa kuliko medali. Sawa. Ila mnijibu kuhusu Ada den Haan.

Huyu ni Mholanzi, muogeleaji wa mtindo wa kifua, ule wengine tunaouita chura. Novemba 1956 ana miaka 15, rekodi ya dunia ya mita 200 ni yake, Olimpiki ya Melbourne iko mlangoni. Tarehe 4 vifaru vya Usovieti vikavamia Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Siku chache tu, kamati ya Olimpiki ya Uholanzi ikatangaza haiendi. Wengine walishatua Australia, wakarudishwa. Dhahabu ya mita 200 akabeba Ursula Happe wa Ujerumani.

Sasa hapa ndipo ninapokwama: Wahungaria wenyewe, waliovamiwa, walikwenda! Timu yao ya polo ya majini ikakutana na Wasovieti, ngumi na mateke bwawani, Ervin Zádor akatoka majini damu ikimchuruzika usoni. Hungaria ikashinda 4-0, dunia ikaona. Nani aliona Waholanzi hawapo? Wasovieti walirudi kwao na dhahabu 37, wa kwanza kwenye jedwali.

Najua mtasema kamati ilitoa gilda (pesa ya Uholanzi wakati huo) 100,000 kwa wahanga wa Hungaria. Safi, wala sibezi. Lakini kuchanga pesa hakumlazimu mtoto abaki nyumbani.

Na mashindano ya kuogelea ya Ulaya ya 1958 yalifanyika wapi? Budapest! Majeshi ya Usovieti bado yamo nchini, Waholanzi wakaenda, na Ada akatwaa dhahabu yake ya mita 200 humohumo. Olimpiki aliipata Roma 1960, akawa wa nne.

Msikimbilie kunitajia Filbert Bayi, mkimbiaji wa Tanzania aliyekosa Olimpiki ya Montreal 1976 kwa sababu ya kususia. Iliuma, lakini Afrika ilikuwa inaibana New Zealand kwa kucheza raga na makaburu, na mwaka uliofuata Jumuiya ya Madola ikakubaliana kule Gleneagles, Scotland, kuzuia michezo na Afrika Kusini. Pale kuna kitu cha kuonyesha.

Kususia kwa 1956 kulimwondoa askari gani Budapest? Mwenye jibu alilete, ila asiniambie tu "heshima".