Mrejesho: Nilikojifunza kujichapishia kitabu

Niliwauliza ni wapi mwandishi anayetaka kujichapishia kitabu anaweza kujifunza, nami narudi kuwashukuru na kueleza kilichonifaa. Kilichonisaidia kuliko vyote ni tovuti ya Writer Beware, ambayo huwaonya waandishi kuhusu kampuni zinazowatoza fedha kwa ahadi zisizotimizwa. Kwa kuisoma nilipata ujasiri wa kukataa mkataba ulionitaka nigharimie uhariri na jalada, kisha nikabidhi haki zote za muswada. Masomo ya bure ya Reedsy, tovuti inayowaunganisha waandishi na wahariri, yanayotumwa kwa baruapepe, yanaeleza vizuri tofauti kati ya uhariri wa maudhui na usomaji wa prufu (kusaka makosa ya mwisho ya chapa), kazi mbili ambazo, kwa maoni yangu, hazifai kufanywa kwa pamoja. Kurasa za msaada za KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, zinachosha, lakini zisomeni kwa makini: ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu) ya bure wanayotoa kwa kitabu cha karatasi haiwezi kutumika kwingine, na anayejiunga na KDP Select, mpango wao wa kuuza kitabu cha kidijitali kwa Amazon pekee, hawezi kuuza nakala ya kidijitali mahali pengine kwa siku 90. Mimi nitatafuta ISBN yangu mwenyewe, kwa kuwa nataka kitabu kipatikane kwa wauzaji wengi. Kwa sasa muswada uko kwa mhariri.