Tuliuziwa Magna Carta kwa pauni 85, tukaonyeshwa mlango uliofungwa: malalamiko kuhusu ziara za siku moja nje ya London

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na uchungu, nami naomba mnivumilie kwa urefu wake, kwa sababu jambo lenyewe linawagusa wengi wetu tunaoishi Uingereza na kupokea wazazi kutoka nyumbani.

Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Tanga. Alifundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na tangu afike alikuwa na ombi moja tu: auone kwa macho yake mkataba wa Magna Carta wa mwaka 1215, uliowekea mipaka mamlaka ya mfalme wa Uingereza, ambao aliwaeleza wanafunzi wake miaka nenda miaka rudi akiwa na chaki tu mkononi. Nakala za mwaka huo zilizosalia ni nne, na moja kati ya hizo imehifadhiwa katika kanisa kuu la Salisbury, mji ulioko kusini mwa Uingereza. Kwa hiyo nilipoona tangazo la kampuni ya mabasi ya watalii lililoahidi mji wa Bath, mawe ya kale ya Stonehenge na "Salisbury pamoja na Magna Carta" kwa siku moja, kwa pauni 85 kila mtu mzima, nililipa siku hiyohiyo kwa ajili yangu, mama na binti yangu.

Safari ilikuwa Jumapili. Basi liliondoka London saa mbili na nusu asubuhi, likafika Bath saa tano asubuhi na ushei, na huko tukapewa saa mbili za kuzunguka mjini wenyewe, kwa kuwa kiingilio cha mabafu ya Warumi hakikuwamo katika bei. Hilo lilikuwa limeandikwa wazi, nami sina neno nalo.

Stonehenge tulifika saa nane na nusu. Asiyewahi kwenda anapaswa kujua kwamba mawe hayako pale basi linapowashusha. Jengo la mapokezi liko zaidi ya kilomita mbili kutoka kwenye mawe, na kutoka hapo mtu hupanga foleni ya basi dogo la kumpeleka, kisha foleni nyingine ya kurudi. Tulipewa dakika 90 kwa yote hayo. Mama anatembea kwa mkongojo, hivyo muda aliobaki nao mbele ya mawe yale ulikuwa kama dakika 20. Alitaka kujua ni yapi yaliyotoka katika vilima vya Preseli huko Wales, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo, takriban miaka 4,500 iliyopita. Lilikuwa swali la mwalimu, lililostahili jibu la heshima, lakini kiongozi wa msafara alikuwa anahesabu vichwa na kutuhimiza turudi garini.

Salisbury tukaingia saa kumi na nusu jioni, na ukumbi unaohifadhi Magna Carta ulikuwa umeshafungwa. Mama alisimama kwenye majani nje ya kanisa, akautazama mnara ule wa mita 123, ambao hakuna mnara wa kanisa unaoupita kwa urefu nchini Uingereza, kisha akaniambia, "Basi mwanangu, hata mnara nimeuona, Mungu akubariki." Alikuwa ananifariji mimi. Usiku ule sikulala.

Nilipoiandikia kampuni kudai fedha zangu, nilijibiwa kwamba ratiba inaweza kubadilika kutokana na hali ya barabara. Hapa ndipo hasira yangu ilipo, wanajukwaa, kwa sababu hakuna kilichobadilika. Ratiba tuliyogawiwa asubuhi ile ilikuwa tayari imeiweka Salisbury mwisho kabisa, siku ya Jumapili, ambapo ibada hutangulia na muda wa wageni huwa mfupi kuliko siku nyingine. Barabara ya A303 inayopita kando ya Stonehenge foleni zake zinajulikana nchi nzima, kiasi kwamba serikali ilipanga kuchimba handaki ili kuipunguzia mzigo, na mpango huo ukafutwa mwaka 2024. Anayeendesha mabasi huko kila wiki hawezi kudai kwamba foleni ile ilimshtua. Waliuza kitu ambacho walijua hakitafikiwa, na miongoni mwa waliouziwa yumo mzee aliyesafiri kutoka bara jingine kwa ajili ya kitu hicho.

Jumatano iliyofuata nilichukua ruhusa kazini, tukapanda treni kutoka kituo cha Waterloo, na kwa muda wa saa moja na nusu hivi tukawa Salisbury. Mama alikaa mbele ya Magna Carta, ile ngozi moja iliyoandikwa Kilatini kwa herufi ndogo mno karibu dakika 40, bila mtu wa kumkimbiza. Tuliona pia saa ya chuma inayosemekana kuwa ya mwaka 1386, ambayo haina uso wala mishale. Nauli na kiingilio kwa kila mmoja wetu havikufika pauni 85.

Najua baadhi yenu mtauliza kwa nini sikufanya hivyo tangu mwanzo. Salisbury ina treni, ni kweli. Lakini jaribuni kupanga safari ya kijiji cha Castle Combe, au ya kuzunguka vijiji vya eneo la vilima la Cotswolds Jumapili, bila gari la binafsi. Ripoti ya mwaka 1963 ya Richard Beeching, aliyekuwa mwenyekiti wa shirika la reli, ilipendekeza kufungwa kwa vituo vya reli zaidi ya 2,000, na vingi vilifungwa kweli. Kisha Sheria ya Usafiri ya mwaka 1985 ikayaachia makampuni ya mabasi nje ya London yajichagulie njia zenye faida, na njia za vijijini zikabaki kutegemea ruzuku za halmashauri ambazo nazo zimekuwa zikikatwa. Matokeo yake ni vijiji ambavyo ukilikosa basi la alasiri umelala huko. Makampuni haya yanajua kwamba mgeni asiye na gari hana pa kwenda isipokuwa kwao, na ndiyo maana yanathubutu kutaja majina ya mahali bila kutaja saa.

Kwa upande wa haki, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, kifungu cha 50, inasema kwamba maelezo anayoyatoa mfanyabiashara kuhusu huduma yake, kama mteja aliyategemea alipoamua kununua, yanahesabiwa kuwa sehemu ya mkataba. Tangazo lao lilitaja Magna Carta kwa jina. Nimewaandikia tena kwa barua ya rejista, nikaambatanisha nakala ya tangazo, ratiba ya asubuhi ile na picha ya mlango uliofungwa yenye saa yake, na nimewapa siku 14. Zikipita bila jibu nitafungua shauri la madai madogo katika mahakama ya kaunti, hata kama ada yake itakula sehemu ya ninachodai.

Kama kuna mwenzetu aliyesafiri na kampuni yoyote kwa ratiba ya namna hii na kukuta mlango umefungwa, naomba aeleze hapa ilikuwa siku gani na alifika saa ngapi, na asifute tangazo lililomfanya alipe.