Funza na nzi wa kwenye maiti wapewe uzito mahakamani, au ni kubahatisha tu?

Mwanakwetu: Wakuu, juzi kuna mtu kasema kupima muda wa kifo kwa nzi ni ramli ya kizungu. Hebu tuangalie kesi ya Las Vegas. Usiku wa tarehe 8 Julai 2001 maiti ya mwanaume inaokotwa karibu na jalala nyuma ya benki, majeraha kibao. Anafungwa dada mmoja, Kirstin Lobato, wakati mchana wa siku hiyo watu walimwona Panaca, kwao, zaidi ya kilomita 250 kutoka pale. Waendesha mashtaka wakasema aliua alfajiri kisha akarudi nyumbani. Sasa nzi wa kijani mnamjua, ukichinja mbuzi hata ngozi hujamaliza kuchuna ameshatua, anatafuta jeraha, pua, jicho, anataga vimayai vyeupe vimebanana, na usiku kwa kawaida hatagi. Joto lile la jangwani mwezi wa saba, maiti ikae kutwa nzima halafu isikutwe na yai hata moja? 2017 wataalamu wa wadudu wakaieleza mahakama kwamba jamaa aliuawa kwenye kiza, siku hiyohiyo ilipookotwa. Desemba hukumu ikafutwa.

Kaka Mtata: Mbona hujasema kwamba maiti ilikuwa imefunikwa takataka??

Mwanakwetu: Takataka zimerundikwa tu juu, nzi anapenya hata dirishani kwako mkuu. Ingekuwa imefungwa kwenye nailoni hapo ningekusikiliza.

Bi Mkubwa: Mnaruka kesi ya David Westerfield, San Diego, 2002. Mtoto wa miaka 7 kapotea usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari, mwili ukapatikana tarehe 27. Wataalamu wa utetezi wakasema kwa umri wa funza nzi walifika katikati ya mwezi, na Westerfield alikuwa ameshaanza kufuatiliwa na polisi tangu mwanzoni mwa mwezi, kwaiyo siyo yeye. Upande wa pili nao ukaleta mtaalamu wake, upepo mkavu ulikausha ngozi ndo maana nzi walichelewa. Jopo la raia likaangalia damu ya mtoto kwenye jaketi la Westerfield, likamtia hatiani. Wote wasomi, funza wale wale, tarehe tofauti. Nani mkweli hapo?

Mwanakwetu: Bi Mkubwa umenipa pointi bila kujua. Funza anakwambia nzi alifika lini, hakwambii roho ilitoka lini, yaani unapata muda wa chini kabisa ambao marehemu amekuwa hapo, kifo chaweza kuwa cha kabla. Mtaalamu akija na saa kamili bila rekodi ya joto la eneo lile mrudishe kwao, maana funza hukua kwa joto, kukiwa na baridi wanadumaa. Ila mtu kufungwa kwa makisio ya daktari kuhusu saa ya kifo, yasiyo na hata yai la nzi wa kuyaunga mkono, hiyo siikubali.

Kaka Mtata: Haya, basi polisi wetu waanze kubeba kipimajoto na vichupa vya kuhifadhia funza, tuone nani atakubali kuwaokota kwa mkono.