Ukuta wa bahari: tujenge, au tuuache mchanga upite?

Mleta mada:
Wakuu, kila dhoruba ikibomoa ufuko, kilio ni kilekile: jengeni ukuta. Mimi napinga ukuta kuwa jibu la kwanza. Karibuni tubishane kwa hoja.

Mchanga wa ufukweni haukai mahali pamoja. Mawimbi mengi hufika pwani kwa mshazari: maji hupanda ufuko kimshazari, kisha hushuka moja kwa moja kufuata mteremko. Kila punje inasogezwa kidogo kando, na mwaka ukiisha ni shehena kubwa iliyohama. Sehemu kubwa ya mchanga huo huletwa na mito au hutoka kwenye magenge yanayomomonyoka. Yaani genge linalokunyima usingizi wewe ndilo linalolisha ufuko wa jirani yako.

Tazameni Holderness, mashariki mwa Uingereza. Magenge yake ni udongo laini ulioachwa na barafu ya kale, na hurudi nyuma wastani wa mita 2 hivi kwa mwaka. Mwaka 1991 kijiji cha Mappleton kilijengewa vizuizi viwili vya mawe vinavyoingia baharini, ili kuinusuru barabara. Mchanga ukanaswa, kijiji kikapona. Upande wa kusini, mashamba ya Great Cowden yakakosa mchanga wa kuyakinga, na mmomonyoko ukazidi. Hapo tatizo limekwisha au limehamishwa?

Mchangiaji 1:
Mkuu, hayo ni ya mashambani. Penye mji mzima, bandari na hospitali, watu wahamie wapi? Uholanzi ingefuata ushauri wako ingekuwa chini ya maji.

Mleta mada:
Hoja nzito hiyo, na kwa mji mkubwa sibishi: zege litahitajika. Ila ukuta wima hulinda kilicho nyuma yake tu. Wimbi likiugonga hurudi na nguvu zake na kuchota mchanga wa mbele, hadi msingi unabaki wazi na ufuko unatoweka. Uholanzi wanalijua hilo. Tangu 1990 sera yao ni kuilisha pwani mchanga, na mwaka 2011 walimwaga mita za ujazo milioni 21.5 hivi karibu na The Hague, mawimbi na upepo vikaachiwa kazi ya kuusambaza.

Mchangiaji 2:
Mbona hamuwagusi wachimba mchanga? Hallsands, kusini-magharibi mwa Uingereza, changarawe ilichotwa baharini mbele ya kijiji kuanzia 1897 kwa ujenzi wa gati la wanamaji. Ilidhaniwa bahari ingeirudisha. Haikuirudisha, ufuko ukashuka, na Januari 1917 dhoruba ikakibomoa kijiji, ikabaki nyumba moja tu ya kukalika.

Mleta mada:
Umegusa penyewe. Kuchota mchanga na kuunasa humuumiza yuleyule, aliye mbele kwenye njia yake. Basi wanaotetea ukuta wanijibu: shamba lake likisombwa kwa sababu ya ukuta wenu, fidia atoe nani?