Naomba ushauri: laini za vifaa vya boti zinahamishwa namba

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina boti tatu za abiria, Mokowe hadi Lamu mjini. Kila moja ina kifaa chenye laini yake. Injini ikiwashwa usiku napata meseji. Sasa kampuni iliyotuuzia laini inasema laini za mitambo, yaani zinazotumiwa na vifaa si watu, zinahamia namba mpya, ndefu zaidi. Programu yangu ya kizamani ya kupokea meseji hizo inatambua namba zinazoanza na 07 tu, hata zile za 01 zilizokuja 2019 ilizikataa! Najua kanuni ya kimataifa inaruhusu namba ya simu hadi tarakimu 15, 254 ya Kenya ikiwemo, lakini fundi aliyeunda programu hiyo kashahamia Mombasa, simu hashiki. Nianze na programu au vifaa? Kuna aliyewahi kuomba namba ya zamani na mpya zifanye kazi pamoja kwa muda? Msimu wa kusi, ule upepo mkali wa baharini, uko karibu.